MAFUNZO YA MITAMBO: TREKTA KUUKUU LA DIZELI LINAPOKATAA KUWAKA

Mtu akitoka Dar es Salaam mjini na kushika njia ya Mbagala, au ya Bunju, au akivuka kwenda Kigamboni ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Temeke, hufika mahali ambapo nyumba zaanza kuachana na mihogo yaanza kuonekana. Huko, chini ya mwembe au mkorosho, si ajabu kuona trekta limesimama, majani yameota kati ya magurudumu yake, na kuku wamekifanya kiti chake kuwa mahali pa kulala. Ukimwuliza mwenyewe limepatwa na nini, atakujibu kwa maneno mawili: "Pampu imekufa."

Katika somo hili twataka kueleza ya kwamba mara nyingi pampu hiyo haikufa. Iliyoharibika ni njia ya mafuta kabla hayajafika kwenye pampu: imezibwa na uchafu, au imeingia maji, au imeingia upepo. Na mambo haya matatu aweza kuyaondoa mtu mwenye spana chache, chupa ya kioo na saburi, wala si lazima awe amesomea ufundi. Lakini akianza kwa kuifungua pampu yenyewe, basi ataiua kweli, na ndipo maneno yale mawili yatakapokuwa ya haki.

Jambo hili si dogo. Mwenye trekta moja halimi shamba lake tu, bali hulimia majirani kwa ujira, na mvua za masika zinazoanza katika mwezi wa Machi hazimngoji mtu aliyepeleka pampu yake mjini. Trekta likisimama wiki tatu wakati huo, jamaa wengi hurudi kwenye jembe la mkono, na eka walizotaraji kupanda hubaki na nyasi.

Habari ya matrekta kusimama si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1947, ulipoanza ule mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, matrekta yaliteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam na kupelekwa bara kwa reli hata upande wa Kongwa. Mengi yalikuwa yamekwisha kutumika. Yalinunuliwa katika masalio ya jeshi baada ya vita, mengine yakitoka mbali kama Ufilipino. Kabla mwaka ule haujakwisha sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imesimama, maana vipuri havikuwako vya kutosha, na waendeshaji walikuwa wamefundishwa kidogo tu. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951. Walioleta chuma walikuwa na fedha nyingi kuliko mkulima yeyote wa Kigamboni, na bado chuma kiliwashinda.

Sasa natueleze injini yenyewe, maana asiyejua kazi ya kitu hawezi kujua ugonjwa wake. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897, alitumia jambo ambalo kila mwenye baiskeli amelionja kwa mkono wake: ukijaza tairi upepo kwa bidii, pampu hupata moto kule chini. Hewa ikibanwa hupata joto. Ndani ya silinda ya dizeli pistoni huibana hewa hata ikabaki na nafasi ndogo sana, kama sehemu moja katika kumi na sita au zaidi, na joto lake hupita digrii 500. Katika hewa hiyo ya moto nozeli hurusha dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe.

Lakini ili dizeli itoke kama ukungu na si kama matone, yapaswa kusukumwa kwa nguvu kubwa mno. Tairi la gari dogo hujazwa kwa nguvu kama mara mbili ya hewa ituzungukayo. Nozeli ya trekta hufunguka kwa nguvu inayopita mara 150. Hapo ndipo penye siri ya ugonjwa tunaousema. Dizeli haibaniki, ukiisukuma upande huu, hutoka upande ule palepale. Upepo hubanika. Povu kidogo likiingia katika bomba jembamba la nozeli, pampu husukuma na upepo hujikunja, kisha hujinyosha tena, na nozeli haifunguki kabisa. Pampu ni nzima, nozeli ni nzima, mafuta yamejaa tangini, na injini haiwaki.

Njia ya mafuta ni moja, nayo yafaa kuikariri kama watoto wakaririvyo hesabu za kuzidisha. Mafuta hutoka tangini, hupita koki, huingia katika pampu ndogo ya kuvuta iliyo ubavuni mwa injini, ambayo mara nyingi ina kibakuli cha kukusanyia takataka. Kisha hupita chujio moja au mawili. Kisha huingia katika pampu kubwa, ambayo mafundi wetu huiita pampu ya nozeli. Kisha hupita katika mabomba membamba ya chuma hata kwenye nozeli zenyewe. Katika Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kuundwa mwaka 1964 huko Coventry, Uingereza, na ambalo watu wengi wa nchi hii walijua kabla ya jingine lolote, injini ya Perkins ina silinda tatu, basi nozeli ni tatu.

Mwandishi wa habari hizi alikuwapo siku moja upande wa Kimbiji trekta la namna hiyo lilipofufuliwa. Lilikuwa limekufa katikati ya shamba, plau ingali ardhini. Kwanza lilipunguza nguvu, likakohoa, likazimika. Likapumzishwa, likawaka, likaenda kama robo saa, likazimika tena. Na mara ya tatu likakataa kabisa. Fundi wa kwanza alikuja na pikipiki, akasikiliza stata ikizunguka, akasema pampu imekufa, akataja fedha ambazo zingelimaliza ujira wa msimu mzima. Mwenye trekta akaomba siku mbili za kufikiri. Siku ya pili akaja mzee mmoja aliyepata kuendesha mitambo ya barabara, naye hakushika spana kwanza. Alisema, "Mwanangu, zungusha stata, nami nitazame moshi."

Hilo ndilo jambo la kwanza, nalo halina gharama. Stata ikizunguka kwa nguvu na bomba la moshi likatoa moshi mweupe, maana yake dizeli yafika katika silinda lakini haiwaki. Tafuta sababu penginepo, kama betri dhaifu, hewa iliyozibwa, au injini iliyochoka. Ikiwa hakuna moshi wowote, dizeli haifiki. Pale Kimbiji hapakuwa na moshi.

Jambo la pili alilotazama mzee yule ni waya wa kuzimia. Wengi wataona ni mzaha, lakini waya huo huvutwa ili kufunga mafuta wakati wa kuzima injini, na ukishika kutu hubaki umevutwa nusu hata kama kishikio chake kimerudishwa. Watu wameshusha pampu nzima kwa ajili ya waya wenye kutu. Wa pale ulikuwa mzima.

Kisha akatazama kifuniko cha tangi, akacheka. Kifuniko chenyewe kilikuwa kimepotea tangu zamani, na mahali pake palifungwa mfuko wa plastiki na kukazwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli, ili mvua isiingie. Nia ilikuwa njema. Ila tangi, kama mtu, lahitaji kuvuta pumzi. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie mahali pake, na kifuniko cha kiwandani kina tundu dogo kwa kazi hiyo. Likizibwa kwa tope au kwa mfuko, mafuta hutoka kidogo kidogo hata yakakataa kutoka, injini hufa, baada ya kupumzika hewa hupenya pembeni, na injini huwaka tena kwa muda. Trekta likifanya hivyo, kuwaka na kuzimika kwa vipindi, fungua kifuniko kabla ya kufungua kitu kingine.

Hiyo ilikuwa sababu moja. Ya pili ilionekana katika chupa. Mzee aliomba chupa ya kioo iliyo safi na kavu, akakinga mafuta kutoka chini ya tangi, akaiweka kivulini juu ya jiwe, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, chupa ilikuwa na tabaka tatu: juu dizeli ya rangi yake, chini maji, kama vidole viwili, na katikati ute wa rangi ya kahawia kama utando wa mtindi uliooza.

Maji huingiaje katika tangi ambalo hakuna aliyelitia maji? Pwani yetu ina unyevu mwingi. Tangi lililobaki nusu jioni huwa na hewa nyevu juu ya mafuta. Usiku chuma hupoa, na ile hewa huacha umande katika kuta za ndani, ukatiririka chini, maana maji ni mazito kuliko dizeli. Fanya hivyo miezi sita, na maji hayo hujaza kikombe, kisha vikombe. Kwa sababu hiyo yafaa kujaza tangi jioni baada ya kazi, wala si asubuhi. Na ule ute ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa pale maji na dizeli yanapokutana na kula mafuta. Ute huo ndio uzibao chujio upesi kuliko mchanga. Tena katika vitongoji vyetu mafuta mengi huletwa kwa madumu, na dumu lile lile jana lilichukua maji ya kisima.

Basi tangi likamwagwa lote, likasuuzwa mara mbili kwa dizeli safi. Usilisuuze kwa maji, wala usilipanguse kwa kitambaa chenye nyuzi, kwani uzi mmoja waweza kuziba koki. Kibakuli cha pampu ndogo kikafunguliwa na wavu wake ukasafishwa. Chujio likatolewa, nalo lilikuwa jeusi kama sufuria. Wako watu ambao huosha chujio la karatasi kwa petroli na kulirudisha. Hao hujidanganya, maana karatasi ikilowa maji huvimba na kutatuka, na uchafu ukapata mlango. Nunua jipya. Na unapolitia jipya, utafute kwa kidole mpira wa zamani uliokuwa umekaza chujio, maana hupenda kubaki umenata juu. Ukiweka mpira mpya juu ya wa zamani, utakaza mpaka spana ipinde na upepo bado utaingia.

Hapa yafaa kusema neno juu ya uvujaji, maana huwadanganya hata mafundi. Baada ya pampu ndogo mafuta husukumwa, kwa hiyo penye ufa dizeli hudondoka na macho huona. Lakini kabla ya pampu ndogo mafuta huvutwa. Koki au wavu ukiwa umeziba nusu, nguvu ya kuvuta huongezeka, na penye ufa hewa huingia pasipo tone moja kuonekana nje. Bomba kavu, basi, si ushahidi wa bomba zima. Kaza kila nati ya upande huo, na mpira uliopasuka ubadilishe.

Njia ilipokuwa safi ikabaki kazi ya kutoa upepo. Kazi hii ina taratibu moja tu, nayo ni kufuata mafuta yaendako. Anayeanza mwisho hufanya kazi mara mbili. Tangi likajazwa dizeli iliyokwisha kupimwa katika chupa, koki ikafunguliwa. Skurubu ya upepo iliyo juu ya chujio ikalegezwa, na mkono mdogo wa pampu ya kuvuta ukapampwa. Mara nyingine mkono huo huwa mlegevu, haupampi kitu, na mtu hudhani pampu ndogo nayo imekufa. Sivyo. Injini imesimama mahali ambapo imekwisha kuibonyeza pampu hiyo. Izungushe injini kidogo, na mkono utapata kazi. Kwanza palitoka povu kama la sabuni, kisha povu na mafuta, kisha mafuta matupu. Hapo skurubu ikakazwa, mtu akiwa bado apampa. Kisha ikafuata skurubu ya ubavuni mwa pampu kubwa, na baada yake ile ya juu ya kifuniko chake, kwa namna ile ile.

Mwisho ni nozeli. Waya wa kuzimia ukasukumwa ndani kabisa, mkono wa mafuta ukafunguliwa wote, nati za mabomba membamba zikalegezwa kwenye nozeli, mzunguko mmoja tu, na stata ikazungushwa. Usizungushe zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja, kisha upumzishe kama dakika moja, la sivyo stata itaungua na betri itakwisha kabla ya upepo kwisha. Dizeli ilipoanza kuruka pasipo povu, nati zikakazwa moja moja.

Na hapa, wasomaji, tafadhalini msome polepole. Mkono usikaribie kamwe mahali ambapo nozeli au bomba lake larusha mafuta injini ikizunguka, wala usijaribu nozeli kwa kuielekeza kwenye kiganja uone kama yapuliza. Nguvu tuliyoitaja juu hupenyeza dizeli katika ngozi kama sindano. Alama yake huwa ndogo kama ya mbu, tena pengine haiumi, na mtu hujifuta na kuendelea na kazi. Baada ya saa chache kidole huvimba, hubadilika rangi, na nyama ya ndani yaanza kufa. Wako waliokatwa vidole, na waliokatwa mkono, kwa alama ya namna hiyo. Jambo hili likimpata mtu, asikande kwa maji ya moto, asipake dawa, asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali kubwa saa ile ile, na amwambie daktari kwa maneno wazi ya kwamba dizeli yenye nguvu imeingia ndani ya ngozi, kwa sababu daktari akitazama kitundu tu aweza kudhani ni mwiba. Mwalimu mwenye wanafunzi wapendao kuzunguka mitambo na awaambie neno hili kabla ya mengine yote.

Huenda msomaji akauliza: je, pampu haifi kabisa? Hufa. Dalili yake ni hii: mafuta safi yasiyo na povu yafika mpaka kwenye mlango wa pampu, waya wa kuzimia umerudi, pampu yazunguka pamoja na injini, na bado hakuna kitokacho kwenye mabomba ya nozeli. Hapo ishushwe, lakini ipelekwe ikiwa imefungwa, kwenye karakana yenye meza ya kupimia pampu. Vyuma vya ndani vimechongwa hata nafasi kati yao ni ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, na mchanga wa mkeka mmoja watosha kuvikwaruza. Mwenye kuifungua chini ya mwembe hata akiwa hodari hana pa kuipimia.

Na kinachoziua pampu nyingi ni mafuta ya taa. Pampu ya namna hii hailainishwi kwa oili. Hulainishwa na dizeli yenyewe ipitayo ndani yake. Mafuta ya taa ni membamba, hayalainishi vizuri, na vyuma husagana. Zamani yalipokuwa rahisi kuliko dizeli, wauzaji wengine waliyachanganya. Mwaka 2010 mamlaka ya nishati na maji, yaani EWURA, ilianza kutia kitu cha alama katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulikane, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hata bei yake ikakaribia ile ya dizeli. Faida ya kuchanganya ikapungua. Lakini mafuta ya dumu yasiyo na risiti ni mafuta yasiyo na baba, na chupa ya kioo, ambayo huonyesha maji, haionyeshi mafuta ya taa; kwa hiyo nunua kituoni.

Tuirudie Kimbiji. Saa kumi alasiri stata ilizungushwa mara ya nne. Silinda moja ilidaka, injini ikatetemeka kama mtu mwenye homa, ikatoa moshi mweupe mzito uliofunika mwembe, mzee akapaza sauti, "Usiiachie!" Silinda ya pili ikadaka, kisha ya tatu, na mlio ukawa mmoja. Kuku walikuwa wamekwisha kukimbilia jikoni. Gharama yote ilikuwa chujio, mipira miwili, dizeli ya kusuuzia, na chakula cha mchana cha fundi; kifuniko cha tangi kilinunuliwa juma lililofuata, na mpaka siku hiyo mdomo wa tangi ulifunikwa kwa kopo lililotobolewa kwa msumari.

Jioni ile trekta liliimaliza ile nusu eka iliyokuwa imeachwa na plau ndani yake, taa zikiwaka. Chupa ilifungwa kwa kamba nyuma ya kiti, na ingaliko. Kila dumu linaloletwa hapo hutangulia kumimina kidogo ndani yake, na mwenye dumu hukaa kwenye jiwe kungoja.